Uchambuzi wa kisa: Choo cha lita 6 na bomba lililolala

Kisa hiki kinahusu nyumba ya familia ya watu wanne katika mojawapo ya majimbo ya mashariki mwa Marekani. Majina, mji na chapa za vifaa vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyochukuliwa, kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya vipimo. Kwa miezi saba familia iliamini kwamba sheria ya serikali ya kupunguza maji ya flashi ndiyo inayoziba choo chao, na kila walichofanya kilitokana na imani hiyo. Haikuwa imani ya kipuuzi. Ila ilikuwa na ukweli nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa imejificha chini ya sakafu.

Nyumba na choo cha zamani

Nyumba ilijengwa miaka ya 1950. Bomba la maji taka ni la chuma cha kumimina, kipenyo inchi 4 (milimita 100). Kutoka chooni linapita uvunguni mwa nyumba kwa mita 9, likiwa limening'inizwa kwenye mihimili ya sakafu kwa mikanda ya chuma, hadi linapokutana na bomba kuu. Beseni la kunawia linaingia kwenye bomba hilo mita 1 tu kutoka chooni. Bafu la kuogea na mashine ya kufulia vinaingia mbele kabisa, karibu na bomba kuu. Msomaji akumbuke mpangilio huo: katika zile mita 9, hakuna maji ya maana yanayopita isipokuwa ya choo.

Choo chenyewe kilikuwa cha kukaa, chenye tangi nyuma. Ndani ya tangi, juu ya mstari wa maji, mwaka ulikuwa umechapwa kwenye udongo kabla haujachomwa: 1983. Kila flashi ilimwaga karibu lita 13 (galoni 3.5), kama vyoo vingi vya muongo ule. Vya kabla yake vilimwaga lita 19 na zaidi. Kwa maelezo ya familia, kiliziba labda mara moja kwa mwaka.

Mwisho wake ulitokana na mkono mzito. Boliti moja kati ya zinazoshika tangi na sinki, yaani bakuli lenyewe la choo, ilianza kuvuja tone kwa tone. Mtu akaikaza, ikaendelea kuvuja, akaikaza tena. Boliti ya tangi hukazwa hadi mpira wake ubonyee na tangi litulie, basi. Udongo uliochomwa hauvumilii zaidi ya hapo. Asubuhi yake kulikuwa na ufa kutoka kwenye tundu la boliti kwenda juu, na maji sakafuni.

Sheria inasema nini, na haisemi nini

Mwenye nyumba alikwenda dukani kutafuta choo kilekile. Akaambiwa hakitengenezwi tena, serikali imekataza. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa sehemu, na lile lililoachwa lilikuja kumgharimu.

Sheria yenyewe ni ile ya nishati iliyopitishwa na Bunge la Marekani na kutiwa saini na Rais George H. W. Bush Oktoba 1992. Inataka kila choo cha nyumbani kilichotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1994 kisizidi galoni 1.6 kwa flashi, yaani lita 6. Sheria hiyohiyo iliweka kikomo cha kichwa cha bafu, lita 9.5 kwa dakika. Mbanwa wake ni mtengenezaji na mwagizaji. Haimkatazi mtu kuendelea kukalia choo cha lita 13 alichonacho, wala haitumi askari kuja kukagua tangi. Kinachombana mwananchi ni kanuni za ujenzi za eneo lake, ambazo katika kisa hiki zilitaka kifaa chochote kinachofungwa upya kifuate kikomo cha lita 6.

Hapa kuna jambo ambalo wanaolalamikia sheria hizi huligusa bila kulimaliza. Kati ya saini na utekelezaji ilipita miezi 14. Sinki la choo si kifaa ambacho unapunguza maji kisha kinafanya kazi ileile. Njia yake ya ndani, ile inayopanda nyuma ya bakuli halafu ikashuka kama shingo ya bata, ndiyo inayotengeneza mvuto: lazima ijae maji haraka na kwa pamoja ili inyonye kilichomo. Umbo hilo humiminwa kwenye kalibu, hukaushwa, hupakwa rangi ya kioo na kuchomwa. Kubadili kalibu ni kazi ya kubuni upya. Basi watengenezaji wengi wa mwanzo walichukua masinki yaliyobuniwa kwa lita 13, wakapunguza maji ya tangi, wakauza. Mamilioni ya watu wakajifunza kuflashi mara mbili, na walioishi karibu na mpaka wakavuka kwenda Kanada kutafuta vyoo vya maji mengi. Mwaka 1999 mbunge Joe Knollenberg wa Michigan alipeleka muswada wa kufuta kikomo hicho, haukupita.

Serikali ilipima kilicho rahisi kupimika, yaani lita, na haikuuliza kwa ukali unaotosha kama choo kinasafisha. Viwango vya majaribio vilikuwepo, lakini vilitumia vipira na chembe za plastiki ambazo hazifanani na kazi halisi. Jaribio lililobadili soko lilianza mwaka 2003, linajulikana kwa kifupi cha MaP. Linatumia vipande vya soya iliyosagwa vya gramu 50 kila kimoja pamoja na karatasi, na choo hupewa alama ya gramu kinazoweza kutoa kwa flashi moja, hadi 1,000. Alama ya WaterSense, ya wakala wa mazingira wa serikali, inataka choo kitoe angalau gramu 350 kwa lita 4.8 tu. Yaani kati ya 1994 na 2003 mnunuzi alikuwa akinunua mbuzi kwenye gunia.

Kilichotokea

Mwenye nyumba hakununua choo kipya. Alipata kwa bei ya kutupwa sinki na tangi lake, havijawahi kufungwa, vilivyobaki kwenye stoo ya mjenzi aliyestaafu. Vilikuwa vyeupe, bado na karatasi za kiwandani. Vikafungwa Jumamosi moja: flanji, ile pete ya sakafuni inayoshika sinki, ikasafishwa, ringi mpya ya nta ikawekwa, sinki likakaa sawa bila kuyumba. Kazi ya kufunga ilikuwa safi na haihusiki na yaliyofuata.

Wiki ya tatu choo kiliziba. Kisha kikaziba karibu kila wiki, wiki nyingine mara mbili. Familia ikanunua mpira wa kuzibulia wenye shingo, ule unaoingia kwenye tundu la sinki, ikajifunza kuutumia. Hakuna aliyeandika lini kilizibaje, na hilo ndilo kosa la kwanza kubwa katika kisa hiki.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuongeza maji kinyemela. Mwenye nyumba alipandisha boya. Maji yakapanda hadi mdomo wa bomba la ziada lililo katikati ya tangi na kuanza kumwagika humo mfululizo. Usiku kucha tangi lilisikika likijaza. Akarudisha boya chini ya mdomo kwa kiasi cha sentimita 2.5, panapotakiwa. Kisha akabadilisha flapa, kile kifuniko cha mpira kilicho chini ya tangi. Flapa ya awali ilikuwa ya kujifunga mapema, ili tangi lisimwagike lote. Akaweka ya kawaida ya dukani, inayoelea hadi tangi likaribie kuwa tupu. Flashi ikapanda kutoka lita 6 hadi lita 8.5. Alipimaje? Alifunga koki ya ukutani, akaweka alama ya penseli kwenye mstari wa maji, akaflashi, kisha akajaza hadi alama kwa jagi la lita moja huku akihesabu. Njia hii haihitaji fundi na hukosea kidogo sana.

Kuziba kukapungua kidogo, hakukuisha. Sababu yake inafaa kuelezwa, maana wengi huishia hapa na kuona wamehujumiwa. Maji ya mwisho ya tangi hutoka polepole. Hayaongezi nguvu ya ule mkupuo wa mwanzo unaowasha mvuto ndani ya njia ya sinki. Yanasukuma mbele kilichokwisha kutoka, hayasaidii kutoa kilichobaki.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta choo cha zamani. Kwenye uwanja wa vifaa vilivyobomolewa walipata cha lita 13, wakakilipia, wakamwita fundi bomba. Fundi wa kwanza alikiangalia akakataa kukifunga: kwa kanuni za eneo lao kingeanguka kwenye ukaguzi, na leseni ni yake. Mwenye nyumba akaamua kukifunga mwenyewe. Hakikuingia. Tundu la sakafuni lilikuwa inchi 12 kutoka ukutani. Choo kile kilibuniwa kwa inchi 14, na tangi liligonga ukuta kabla sinki halijafika kwenye boliti za flanji. Futi ya mkononi ingeokoa safari mbili na pesa: pima kutoka ukutani, si kutoka kwenye ubao wa chini ya ukuta, hadi katikati ya boliti za sakafuni. Kipimo hicho ni 10, 12 au 14, na hakibembelezwi.

Baada ya hapo walikata tamaa, wakawa wanaflashi mara mbili. Hali hiyo ilidumu miezi mitatu. Familia ilikuwa ikizungumza sana wakati huo juu ya serikali, na mtu anaweza kuwaelewa. Hata Rais Donald Trump alisema Desemba 2019 kwamba watu wanaflashi mara kumi, mara kumi na tano. Maneno kama hayo humpa mtu mwenye choo kibovu faraja ya kuwa na wenzake, na humwondolea haja ya kutafuta zaidi.

Fundi wa pili na daftari

Fundi wa pili aliitwa siku beseni la kunawia lilipotapika maji meusi. Hakuanza na vifaa. Aliuliza: "Kikiziba, beseni la kunawia linakoroma au limetulia?" Hakuna aliyejua. Akaacha waya wa kuzibulia, akaacha na daftari, akasema waandike kwa wiki tano: saa, maji yalipanda hadi wapi kwenye sinki, beseni lilikoroma au la, mpira ulizibua kwa kusukuma mara ngapi.

Mantiki yake ni nyepesi. Choo kikiziba ndani ya sinki, bomba la nje liko wazi; beseni la kunawia halina habari, na mpira huzibua kwa kusukuma mara chache. Kuziba kukiwa bombani, mbele ya beseni, hewa inayosukumwa na maji hutafuta pa kutokea na kulikoromesha beseni, na mpira huonekana umezibua kumbe umesogeza tu. Wiki tano zilileta visa 11. Saba vilikuwa vya sinki, vinne vya bomba.

Matatizo mawili, kumbe, yaliyokuwa yakijulikana kwa jina moja.

Fundi alirudi na kufanya mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza alimimina lita 8 kwa ndoo moja kwa moja kwenye bakuli, kwa haraka lakini bila kurusha. Choo kilivuta vizuri mara tatu kati ya nne. Hiyo ilimwambia kwamba bakuli linaweza kuvuta likipewa maji kwa nguvu, na kwamba mara moja kati ya nne kuna kinachozuia mbele. Pili alimulika tochi na kioo kidogo chini ya ukingo wa bakuli, kuona kama matundu yamezibwa na chokaa. Yalikuwa wazi. Yangekuwa yamezibwa, siki ya moto iliyomiminwa kwenye bomba la ziada na kuachwa saa kadhaa ingeanza kazi, na waya mwembamba ungemalizia. Akiwa bado na tochi alifungua tangi, akasoma mwaka uliochapwa ndani: 1996. Kile choo "kipya" kilikuwa cha kizazi cha kwanza cha vyoo vya lita 6, kilichotengenezwa miaka saba kabla ya jaribio la soya. Akapitisha vidole kwenye tundu la chini: njia ilikuwa nyembamba, na kwa jinsi ilivyokwaruza, haikupakwa rangi ya kioo ndani.

Tatu aliingia uvunguni na pimamaji. Mikanda miwili ya chuma ilikuwa imekatika kwa kutu. Kutoka chooni hadi bomba kuu, mita 9, bomba lilishuka sentimita 5 tu. Mwinamo unaotakiwa kwa kawaida ni inchi ¼ kwa kila futi, karibu asilimia 2; kwa mita 9 hiyo ni sentimita 18. Hapa palikuwa na chini ya asilimia 0.6, tena si sawia: katikati, karibu mita 4 kutoka chooni, bomba lililala na kuchimbika kama kitanda cha kamba kwa urefu wa mita 2. Kamera ilionyesha maji yamesimama humo, na kuta zimejaa ukoko wa kutu uliobana njia hadi karibu milimita 70 katika sehemu kadhaa.

Kwa nini lita 13 hazikulalamika

Hapa ndipo penye kiini cha kisa.

Flashi inapoingia bombani huenda kama wimbi. Mwanzoni ni refu kwenda juu na lina kasi. Kadiri linavyosafiri linajinyoosha, linakuwa jembamba, hadi maji yanapita chini ya uchafu badala ya kuubeba. Wimbi la lita 13 lilifika kwenye lile bonde likiwa bado na kimo cha kulivuka. La lita 6 lilifika limechoka, likaacha mzigo pale, na flashi iliyofuata ikaongeza juu yake. Kwa kuwa bafu na mashine ya kufulia vinaingia mbele ya bonde, hapakuwa na maji mengine ya kuja kulisafisha. Upana wa inchi 4 nao haukusaidia: katika bomba pana maji machache hutandaa, katika bomba jembamba hupata kina. Karatasi ya chooni ilichangia pia. Familia ilinunua aina nene isiyochanika ikilowa. Jaribio la fundi lilikuwa kutia kipande kwenye chupa ya maji nusu, kutikisa mara kumi, kuangalia. Chao kilibaki kizima kama leso.

Kwa hiyo mikanda ilikuwa imekatika miaka mingi, pengine tangu choo cha 1983 kingali na afya. Maji mengi yalikuwa yakiuficha ubovu huo. Sheria haikulilaza bomba. Ilimwondoa aliyekuwa akilibeba.

Maamuzi na sababu zake

Fundi alipendekeza bomba kwanza, choo baadaye, na alisisitiza visifanywe siku moja. Mwenye nyumba alitaka kinyume: choo ni nafuu, bomba lingegharimu mara nne. Hoja ya fundi ilishinda kwa sababu moja. Ukibadili vyote kwa pamoja na kuziba kukaisha, hujui kilichoponya. Kusipoisha, hujui kilichobaki.

Walifikiria pia choo cha mgandamizo, kile chenye chupa ya hewa ndani ya tangi inayorusha maji kwa kishindo. Kingetibu visa saba vya sinki bila shaka. Walikiacha kwa sababu ya kelele usiku, vipuri vyake ghali, na kwa sababu wimbi lake nalo lingelala kwenye bonde lilelile. Katika mazungumzo hayo mwenye nyumba alisema presha ya maji ya mtaa wao ni ndogo, huenda ndiyo tatizo. Ni dhana inayosikika kila mahali. Kwenye choo cha tangi la kawaida, presha ya mtaa huamua tangi litajaa kwa muda gani, basi. Kinachoflashi ni uzito wa maji yanayoshuka kutoka tangini.

Bomba la chuma likakatwa, likawekwa la PVC la inchi 3 kwa mita zote 9, likiungana na bomba kuu la inchi 4. Kupunguza kipenyo kuliwezekana kwa sababu kulianzia chooni penyewe; ni marufuku kulipunguza bomba katikati ya safari kuelekea mbele. Vishikizo viliwekwa kila mita 1.2, mwinamo asilimia 2, na mdomo wa kuzibulia ukaachwa mahali pa kufikika bila kutambaa. Flapa ikarudishwa ya kujifunga mapema, ili choo kipimwe kwa lita zake halali.

Wiki sita zilizofuata daftari liliandika visa vitano. Vyote vya sinki. Beseni la kunawia halikukoroma hata mara moja.

Ndipo wakanunua choo kingine, safari hii kwa kusoma alama: lita 4.8, MaP gramu 800, njia ya ndani yenye rangi ya kioo na upana wa zaidi ya inchi 2, flapa ya inchi 3 inayoachia maji kwa mkupuo. Karatasi nayo wakabadilisha.

Matokeo

Katika miezi tisa iliyofuata kiliziba mara moja, na waya ulitoka na kitambaa chenye unyevu cha kufutia mtoto, cha aina ambayo pakiti yake hudai kinaweza kuflashiwa.

Kuhusu maji, nyumba ilikuwa na flashi kama 20 kwa siku. Choo cha 1983 kilitumia lita 260. Cha 1996, kwa lita zake 6 na flashi 8 zikirudiwa, kilitumia lita 168. Kipya kinatumia 96. Tarakimu ya katikati huwakera wapinzani wa sheria, maana inaonyesha kwamba hata choo kibovu kinachorudiwa kiliokoa maji. Lakini isisomwe kama ushindi: haihesabu mafundi wawili, choo kilichogonga ukuta, wala miezi saba ya ndoo na mpira bafuni.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa kuliko vyote ni daftari. Lilikuwa la bure na lilifanya ambalo kamera peke yake isingefanya: lilitenganisha saba na nne. Kamera ingeonyesha bonde, fundi angelitengeneza, na familia ingeendelea kuziba mara tatu au nne kwa mwezi ikisema hata bomba jipya limeshindwa na serikali. Kutenganisha matengenezo kulifaa kwa sababu hiyohiyo.

Fundi wa kwanza hakukosea kukataa kufunga choo cha lita 13, ila aliishia hapo. Alikuwa na mteja mwenye dalili na hakuuliza swali hata moja kuhusu dalili. Alijibu swali la kisheria na kuondoka. Choo kile kingefungwa kingeweza kunyamazisha tatizo kwa miaka, huku bonde likizidi kuchimbika hadi chuma kipasuke uvunguni.

Kuhusu sheria yenyewe, lawama zigawanywe kwa haki. Choo cha 1996 ni zao lake halali: kilitimiza lita na hakikutimiza kazi. Mtu anayesema alinyimwa choo kizuri miaka ile anasema kweli. Anayesema hivyo leo mbele ya rafu za vyoo vipya, ambavyo vingi vinatoa gramu 600 na zaidi kwa maji pungufu, anapigana na choo cha 1996. Ugumu wa choo ukilinganishwa na vikomo vingine ni kwamba mtumiaji hana pa kuingilia. Kichwa cha bafu kikikukera, ndani yake kuna kidude cha plastiki chenye tundu ambacho watu hukichomoa kwa pini kwa dakika moja, sheria au hakuna sheria. Sinki la choo limechomwa na umbo lake; huwezi kulirekebisha kwa koleo. Kwa hiyo kosa la mtunga kanuni hapa hukaa ndani ya nyumba miaka ishirini, thelathini, na hata kwenye stoo ya mjenzi, likiwa na karatasi za kiwandani bado.

Kilichoharibika upande wa familia ni kununua bila kufungua tangi. Mwaka uliochapwa unaonekana kwa sekunde tano. Choo cha kati ya 1994 na 2003 si lazima kiwe kibaya, vipo vilivyobuniwa vizuri tangu mwanzo, lakini bila alama ya gramu hakuna njia ya kujua isipokuwa kukifunga.

Limebaki jambo moja la matunzo. Flapa ya choo kipya itachakaa, pengine ndani ya miaka mitano, na ikibadilishwa kwa ile ya kawaida ya dukani, choo cha lita 4.8 kinaweza kugeuka cha lita 7 bila mtu kujua. Mwenye nyumba ameandika namba ya modeli na ya flapa kwa kalamu isiyofutika, upande wa ndani wa kifuniko cha tangi.